Maoni ya Mama Kuhusu Sehemu ya Pili

Sehemu ya kwanza ya picha ile hatukuwahi kuiona. Iliyofika Kasulu ilikuwa ya pili tu, ndani ya flashi iliyotoka Kibondo kwa dereva mmoja aliyekuwa akipeleka mizigo kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta. Ilikuwa picha ya zamani, ya miaka ya themanini, ya wakati ambao wazungu walikuwa na nywele nyingi na damu ya kwenye picha ilimwagwa kwa ndoo. Mtafsiri wake, wa kuisemea kwa Kiswahili huku watu wanaangalia, nilikuwa mimi.

Niseme wazi kabla sijaendelea. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, tena kidato cha nne cha shule ambayo mwalimu wa Kiingereza alikuwa anafundisha pia kilimo, na moyo wake ulikuwa kwenye kilimo. Mzungu akiongea taratibu nilishika nusu. Akianza kupiga kelele, na kwenye picha za aina ile wanaanza mapema, nilibaki mimi na maiki, na watu wamebanana kwenye mabenchi wakisubiri kuambiwa kinachoendelea. Mtafsiri anayenyamaza hapo hana kazi kesho. Kwa hiyo nilitunga. Sioni haya kulisema, na anayeona nilikosea aje ashike maiki yeye.

Banda la kuonyeshea picha lilikuwa nyuma ya soko, mali ya mwenye duka mmoja, mzee wa Kiislamu mwenye ndugu zake Tanga, ambaye hakuwahi kuangalia picha hata moja mpaka mwisho. Kama si swala, ni wateja. Lakini alikuwa na utaratibu wake wa kujua picha nzuri. Picha ikiisha alisimama mlangoni akasikiliza watu wanavyotoka. Wakitoka wakibishana, picha inarudi siku ya soko inayofuata. Wakitoka kimya, anaifuta siku hiyohiyo. "Picha isiyo na ubishi ni mawaidha," alikuwa akisema, "na mawaidha yana nyumba zake." Basi maoni pale mlangoni hayakuwa soga. Yalikuwa kura, na mimi nilikula kwa kura hizo.

Picha hii ilikuwa inaonyeshwa kwa mara ya tatu mama yangu alipokuja kutoka kijijini kwetu Kagerankanda kunichukua.

Baba alikuwa ametutoka miaka minne nyuma. Shamba lake lilikuwa linalimwa nusu, nusu nyingine ni majani. Baba mdogo alikuwa ametuma neno: mvua zikinikuta mjini, shamba atapewa binamu yangu, ambaye angalau mikono yake inalijua jembe. Mama si mtu wa kuzunguka. Alitua furushi lake la maharage mbele ya banda, akaitikia shikamoo yangu, akasema, "Baba yako mdogo ana haki. Ila nataka niione kwanza hiyo kazi inayokushinda kuiacha. Nikiona ni upuuzi, gari la jioni tunapanda wote."

Nyumbani nilikuwa nimewaambia nafanya kazi ya ukalimani. Sikudanganya. Ila mama alidhani ni ukalimani wa ofisini, wa watu wenye vitambulisho shingoni wanaoshuka kwenye magari meupe. Nilijaribu kumwambia picha ya siku hiyo haimfai, arudi Jumapili tutakapoonyesha maisha ya manabii. Akasema manabii anawajua.

Nikamweka benchi la mbele. Kulia kwake alikaa mchinjaji wa bucha ya pale sokoni, ambaye picha ile alikuwa ameiona mara zote mbili zilizopita kwa ajili ya kuipinga. Kushoto alikaa mama mmoja Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, muuza vitenge, aliyekuwa na kibali cha siku moja na ameamua sehemu ya siku hiyo iishie mbele ya televisheni. Nikafunga dirisha na kuwasha, huku nikimwomba Mungu umeme ukatike.

Umeme haukukatika. Picha likaanza.

Habari yenyewe ni hii. Vijana wako likizo, wanaingia kwenye kiwanda cha barafu kilichofungwa zamani. Ndani yumo mlinzi ambaye, kwa nilivyoelewa, sehemu ya kwanza ilimkata vipande viwili, na sasa amerudi, shingo imeshonwa kwa waya, mkononi ana ndoano ya kuburuzia mabonge ya barafu. Shida yake kwangu haikuwa ndoano. Shida ni kwamba haongei. Tangu mwanzo hadi mwisho anakoroma tu. Na kwetu adui asiyeongea ni mgonjwa, na mgonjwa hazomewi, anatafutiwa dawa. Wiki ya kwanza banda lilikuwa limeanza kumhurumia. Ndipo nikampa maneno, na hadi wiki ya tatu alikuwa anaongea kuliko steringi mwenyewe, mwenye picha yake.

Kijana wa kwanza aliposukuma mlango, adui akatokea nyuma yake. Nikakohoa kidogo, nikaivuta sauti kutoka tumboni.

"Hodi hamkupiga."

Banda likacheka.

"Na mlango mmeuacha wazi. Baridi yote hii ninayoitunza, mnamwachia nani?" Ndoano ikaingia. "Sasa kaa hapo uwasubiri wenzako."

Damu iliruka mpaka ikapaka taa ya darini. Mchinjaji akainuka nusu. "Huo ni uongo," akasema, akiligeukia banda zima. "Mtu si bomba la maji. Mimi nachinja ng'ombe mzima, na haijawahi kuruka hata kufika kwenye mizani. Na anavyoshika ile ndoano, atajikata mwenyewe."

"Wewe baba, kaa," akasema mama wa vitenge. "Ule papa ana haki. Bale batoto beko kwake, banalala kwake, hata jambo abakumuambia."

Mama yangu alikuwa na mambo yake. Alimwinamia jirani yake, lakini sauti ya mtu aliyezoea kuitana kutoka shamba hadi shamba haijui kunong'ona. "Anakula saa ngapi huyu? Tangu nimeingia hajala." Baadaye kidogo, wasichana walipopita wakikimbia: "Na hawa, kwenye nyumba ya barafu, nguo zao ziko wapi?"

Kazi ya mtafsiri ni kujibu maswali ya watu. Msichana mmoja alipofungua mdomo kupiga kelele nikamtilia, "Jamani, nguo zetu tumezifua na hazijakauka." Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikaanza kupata matumaini.

Yalidumu mpaka adui alipomkuta kijana mwingine amejificha jikoni, anakula mkate. Nikakohoa. "Unakula peke yako," nikasema kwa sauti ile. "Kwenye nyumba hii mtu hali peke yake. Hata kama ni kiazi kimoja, kinagawanywa." Banda likapiga makofi. Nikatupa jicho benchi la mbele. Mama alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Hakucheka wala hakuuliza.

Nikajua nimekwisha. Niliona jembe, nikaliona hadi mpini wake. Hofu hiyo ikanifanya nikazane zaidi, na adui akawa anafoka kila anapogeuka: nani kaacha maji yanamwagika, nani kakalia mikono wakati wenzake wanahangaika, mama zenu wanajua mko hapa. Kila baada ya maneno, mtu mmoja chini. Mwishoni steringi, ambaye ni msichana, anamsukuma kwenye tangi la barafu, anaganda. Nadhani msichana alikuwa anatoa hotuba ndefu pale, lakini nilimwacha. Nikampa adui neno la mwisho. "Nimechoka, mwanangu. Ukitoka, funga mlango."

Nilipofungua dirisha, mlangoni kulikuwa kumeshachangamka. Mchinjaji alikuwa anasema waya haushoni shingo, waya unakata, na yuko tayari kuonyesha. Mama wa vitenge alikuwa anasema kiwanda ni cha nani, mwenye hati aitwe. Fundi cherehani mmoja akanishika shati akitaka kujua, kama mtu alikatwa vipande viwili, ni nani aliyemshona. Nikamwambia wakwe zake. Akaondoka akilifikiria hilo, na nasikia alifika nalo nyumbani. Mwenye banda alikuwa amesimama kwenye kizingiti, kofia yake safi kichwani, anasikiliza kwa raha. Picha ilikuwa imepata kura za kurudi kwa mara ya nne.

Mama alitoka wa mwisho.

"Karibu, mama," mwenye banda akamwambia kwa adabu. "Nawe umeionaje?"

Mama akafunga khanga yake vizuri kwanza. "Picha ni mbaya," akasema. "Watu wamekufa wengi na hakuna hata mmoja aliyezikwa. Mimi kwangu isingerudi." Mwenye banda akainamisha kichwa, kama mtu anayeheshimu kura. "Lakini yule mwenye ndoano," mama akaendelea, "ni mume wangu."

Mwenye banda aliiangalia televisheni, iliyokuwa imezimwa, kisha akaniangalia mimi.

"Ni yeye," mama akasema. "Anavyokohoa kabla ya kusema. Hodi hamkupiga. Kiazi kimoja kinagawanywa. Miaka minne sijamsikia mtu akigomba hivyo."

Naapa sikujua. Nilikuwa nimetafuta sauti ya mtu anayekasirikia vitu vidogo na bado ana haki, nikachukua iliyokuwa karibu, kama mtu anavyochukua kikombe gizani bila kuangalia ni cha nani. Sasa niliona nilichofanya. Nilikuwa nimemtoa baba yangu kaburini, nikamshonea shingo kwa waya, nikamfanya aue watoto wa watu siku tatu za soko, na watu wakamcheka. Niliona aibu. Nikaanza kumwomba mama msamaha pale pale mbele ya mchinjaji.

Hakutaka msamaha. Alinivuta kwa mkono tukaenda nyuma ya banda, kwenye magunia matupu, akaniambia kwa Kiha, taratibu, bila mzaha wowote usoni:

"Mfanye anisalimie."

Nikamwambia sijaelewa.

"Asubuhi alikuwa ananisalimia kabla hajafungua mlango. Kila siku, hata tukiwa tumegombana. Wewe ulikuwa umelala. Mfanye anisalimie."

Nikakohoa. Nikakohoa tena. Sauti ile, iliyokuja yenyewe bila kuitwa ilipotakiwa kuua watu kumi na mmoja, sasa ilitakiwa kusema neno moja la asubuhi na haikuja. Nilitafuta tumboni, sikuipata. Mwishowe nilimsalimia mama kwa sauti yangu mwenyewe, nyembamba, kwa Kiha changu kilichoharibika mjini.

Mama akaangalia chini, akaitikia. Hakuniitikia mimi. Aliitikia salamu nzima, yote, mpaka kumjulisha kwamba ng'ombe wa jirani alizaa na kwamba paa la jikoni lilitengenezwa. Alipomaliza alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akajitwika furushi lake, ambalo hata hakulifungua, na tukaanza kwenda stendi.

Nilimuuliza kama nikafunge nguo zangu kwanza.

"Za nini?" akasema. "Shamba apewe binamu yako. Baba yako mdogo nitamwambia mume wangu amepata kazi mjini."