Miguu Iliyopima Pichi

Kila asubuhi ya msimu wa kriketi, kabla jua halijafika kwenye paa la banda la mashine, mzee tuliyefanya kazi chini yake alivua viatu na soksi, akakunja suruali mara mbili, akatembea juu ya pichi. Hatua ishirini na mbili kwenda, ishirini na mbili kurudi. Hakuinama wala kugusa kitu kwa mkono. Alipomaliza alisimama mbele yangu, akanitazama usoni, akasema neno moja: maji, au jua, au rola. Nasi tukafanya.

Tulimwita Madala, jina la heshima ambalo watu wa hapa humpa mwanamume mzee. Alizaliwa Soweto, na alikuwa ameutunza uwanja ule wa klabu moja ya Randburg, kaskazini mwa Johannesburg, tangu enzi ambazo mtu mweusi kama yeye hakuingia kwenye jengo la wanachama ila kupitia mlango wa jikoni. Mwenzangu alikuwa Mrundi, mtu wa kanisa asiyeishiwa maneno, ambaye ndiye aliyeendesha rola, ile mashine nzito ya kushindilia udongo. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Bellevue, umri wangu miaka arobaini na minne, nilipoianza kazi hiyo mwaka 2009 bila kujua chochote kuhusu kriketi.

Kazi nisiyoielewa hunikosesha raha, kwa hiyo nilijisomesha. Niliazima vitabu maktaba, vingine vya mchezo, vingine vya udongo, nikaandika muhtasari kwenye daftari. Jambo la kwanza nililoandika ni kwamba katika kriketi mpira hudunda ardhini kabla ya kumfikia mpigaji, na ardhi unayodundia ni kipande kile kimoja cha katikati, udongo mweusi wa mfinyanzi ulioshindiliwa mpaka ukawa kama sakafu. Hicho ndicho pichi. Mrushaji na mpigaji wanaweza kuwa hodari kiasi chochote, lakini kuna mchezaji wa tatu aliyelala chini katikati yao.

Katika mechi ya Test, ile ya siku tano, mchezaji huyo wa tatu hubadilika tabia kila siku. Siku ya kwanza ana unyevu kidogo na mrushaji anafurahi. Siku ya pili na ya tatu amekauka, mpigaji anastarehe. Siku ya nne anaanza kupasuka, na ya tano mpira unaweza kwenda popote. Mchezo mzima umo katika kukauka huko. Pichi ikiwa ngumu na isiyo na uhai, hakuna anayetolewa, siku tano zinakwisha bila mshindi na watu wanarudi nyumbani wakipiga miayo. Ikiwa mbovu, mechi inakwisha siku ya pili, na aliyepanga kwenda Jumapili anakuta geti limefungwa. Jumamosi moja nilikwenda kwenye uwanja mkubwa wa mjini kutazama Test. Ningeweza kujinyoosha kwenye safu nzima ya viti nisimsumbue mtu. Mechi fupi, zile za jioni moja zenye muziki, zilikuwa zikijaa. Watu walisema Test inakufa kwa sababu ni ndefu. Mimi nilianza kuamini kwamba mara nyingi huuawa na udongo, na udongo una watu wanaoutunza.

Nilikuwa na njia yangu ya kupima. Niliingiza kisu chembamba pembeni mwa pichi, nikatoa udongo wa chini, nikausokota kati ya vidole. Ukikatika, umekauka. Ukitoka kama uzi, bado una maji. Niliandika matokeo kila siku. Sikumwonyesha Madala, kwa sababu neno lake na daftari langu karibu siku zote vilikubaliana, na pale visipokubaliana nilijiona mimi ndiye mwanafunzi.

Halafu asubuhi moja ya mwaka 2012 alikanyaga msumari wa turubai la kufunikia pichi, ule mrefu wa kuifunga pembe isipeperuke. Ulimwingia kisiginoni. Akaendelea kutembea. Alikwenda mpaka mwisho akarudi, na nyuma yake kulikuwa na matone mekundu juu ya nyasi zilizopauka. Akasimama mbele yangu, akanitazama, akasema, "Jua." Kisha akaenda kuketi bandani.

Mrundi alichukua ndoo na kitambaa tukafuta damu.

"Ni sukari," akasema kwa sauti ya chini. "Shemeji yangu iko naye hiyo. Miguu inakufa kabla ya mwenyewe."

Tulikubaliana tusiseme. Meneja wa klabu alikuwa ameshaanza kuzungumzia kampuni yenye vifaa vya kupimia viwanja, na mzee ambaye miguu yake ndiyo kifaa pekee asingebaki siku moja. Tangu hapo nilipima kwa kisu alfajiri, kabla hajafika, na nikashukuru kila neno lake lilipopatana na langu.

Msimu huohuo ilikuja habari kwamba timu ya ng'ambo, iliyokuja nchini kucheza Test, ingecheza kwetu kwanza mechi ya siku nne ya kujiandaa. Meneja alimwambia Madala mbele yetu, kwa upole, kwamba mechi ikifika siku ya nne klabu itapata wageni wa namna hiyo tena, na mzee ataendelea hadi astaafu kwa hiari yake. Isipofika, kampuni itachukua. Madala aliitikia kwa kichwa. Baadaye akaniambia kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kupewa mechi ya siku nne. Alikuwa ametengeneza pichi za mchana mmoja tu, za wanachama na bia zao.

Jumatatu ya wiki ile ilinyesha mvua ya radi, na upepo ukaifunua pembe ya turubai. Jumanne palikuwa na jua. Jumatano alfajiri nilipima. Juu pichi ilikuwa imepauka, kavu kabisa. Urefu wa vidole viwili chini, udongo ulitoka kama uzi. Nikaandika: *Iachwe wazi juani kutwa. Rola isiguse.* Rola nzito ikipita juu ya udongo wa namna hiyo huziba uso wake, na maji yaliyo chini hayana pa kutokea.

Siku hiyo Madala hakuwa peke yake. Meneja alikuwepo pamoja na kocha wa wageni, wamesimama pembeni na vikombe vya kahawa. Mzee alivua viatu, akatembea. Alisimama kidogo upande uliolowa, na moyo wangu ukapumua. Kisha akarudi, akanitazama.

"Rola," akasema.

Nikatazama chini. Kwetu mzee hakosolewi mbele ya watu, na hasa si mbele ya bwana wake. Nilijiambia nitamvuta kando baadaye.

Mrundi alinijia kwenye banda la mashine. "Profesa, daftari yako inasema nini?"

"Inasema jua."

"Basi mwambie."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye mwenye rola."

"Miye dereva tu. Anayesoma udongo kama Maandiko ni weye."

Nilikwenda kumtafuta. Nikamwona kupitia dirisha la jengo la wanachama, ameketi mezani na meneja na kocha, kikombe cha chai mbele yake, viatu vimefungwa vizuri. Sikuwahi kumwona ndani ya chumba kile. Nikasimama pale dirishani muda mrefu, kisha nikageuka. Nyuma yangu rola ilikuwa imeshaanza kunguruma. Alasiri mawingu yakarudi, tukafunika.

Ijumaa, mpira wa kwanza ulipodunda, Madala aligeuza kichwa. Ulitoa mlio mzito, kama konde linalotua kwenye unga uliokandwa. Kufikia chakula cha mchana pichi ilikuwa na alama za mipira kama za kidole gumba. Usiku mvua haikunyesha, na Jumamosi jua la Johannesburg likazikausha alama zile zikawa vishimo vigumu. Basi mpira mmoja ulipita chini kwenye kifundo cha mguu, na uliofuata, kutoka karibu na palepale, ukaruka ukamvunja mpigaji wa wageni mfupa wa mkono. Alitakiwa acheze Test wiki iliyofuata. Manahodha wakazungumza na waamuzi, na mechi ikavunjwa kabla ya mapumziko ya chai ya alasiri.

Jumapili asubuhi nilisimama getini kuwaambia watu. Walikuja na viti vya kukunja na maboksi ya vinywaji. Mwanamume mmoja wa makamo alinisikiliza mpaka mwisho.

"Eish," akasema. "Nimeingoja mwezi mzima. Wacha niende zile fupi. Kule angalau najua nitaukuta mchezo."

Nilimkuta Madala bandani, miguu wazi, amejiegemeza kwenye mashine ya nyasi.

"Tanzania," akasema. Ndivyo alivyoniita siku zote. "Kisu chako kilisema nini Jumatano?"

Sikujua kwamba alikuwa akijua habari za kisu. Nikamwambia.

"Na miguu yangu, uliijua?"

"Ndiyo, Baba. Tangu siku ya msumari."

Akaikunjua suruali polepole. "Mimi nilijua kabla ya msumari. Kwa nini unadhani nilikuwa nakutazama usoni kila asubuhi? Nilisema neno, nikakuangalia. Ukikunja uso, nilikuwa nabadilisha. Hukumbuki kwamba nilikuwa nabadilisha?"

Nilikumbuka. Mara tatu au nne alisema rola, kisha akarudi dakika chache baadaye na kusema jua, na mimi nikayaandika hayo kama busara yake.

"Jumatano nilikutazama," akasema, "ukaangalia chini. Nikasema, basi nimepatia."

Alivaa soksi moja, kisha nyingine, akihakikisha kwa macho kwamba vidole vimeingia.

Aliondoka mwisho wa mwezi ule. Kampuni ilileta kijana mstaarabu mwenye kifaa cha fimbo chenye namba, anayekichomeka sehemu tatu na kuandika kwenye simu. Nilibaki, na Mrundi alibaki. Asubuhi moja baada ya mvua kijana alisoma namba zake akasema rola. Nilikuwa nimeshapima. Nikasema kwa sauti, meneja akiwa pale pale, kwamba bado, chini kuna maji.

Kijana akanitazama, akatazama kifaa, akasema kinaonyesha sawa. Mrundi alikaa juu ya rola na ufunguo mkononi, akinitazama mimi. Kisha akawasha.