Pikipiki ya Pasta Iliyotumbukia Shimoni Siku ya Sabato

Sisi tuliokulia Gesima kabla majani chai hayajafunika kila kilima, tulikuwa na miguu, si viatu. Asubuhi tulikunywa uji wa wimbi uliochacha, ule wa kukukunja uso, kisha tukateremka bondeni tukiwa tumekalia vigogo vya migomba. Jioni makalio yalikuwa mekundu kwa udongo hata mama hakuhitaji kuuliza tulishinda wapi. Kulikuwa na viazi vitamu vya kuchomwa kwenye majivu, ambavyo nusu unakula kiazi na nusu unakula jivu, na hakuna aliyeumwa tumbo. Shule niliiacha darasa la pili, na mpaka leo sijaona ilinikosesha nini. Nina gereji Keroka, na vijana wanaofanya kazi chini yangu wote wana vyeti. Mpe mmoja wao pikipiki ambayo gia hazishiki, jambo la kwanza atauliza kitabu cha pikipiki hiyo kiko wapi. Mimi gia yangu ya kwanza niliitengeneza kabla sijamiliki suruali, na kitabu kilichotumika kilikuwa Biblia.

Ilikuwa hivi. Baba alikuwa mtu wa pombe ya wimbi, na mwaka ule alitaka kuongeza mke. Binti alikuwa wa Magwagwa, na mitamba wa mahari walikuwa wameshachaguliwa, wamefungwa kando. Mama alikuwa Msabato. Alilia, akafunga, akaomba, mwishowe akanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikomchosha baba. Akatoa sharti mbele ya wazee. Yule pasta mwenye pikipiki aje Sabato hii mpaka mlangoni kwake, na aje akiwa juu ya pikipiki, kwa kuwa alisikia watu wanaisifu mno. Akifika kabla ng'ombe hawajarudi kutoka mtoni, baba atabatizwa na mitamba watabaki zizini. Asipofika, mitamba wataenda Magwagwa. Wazee walicheka wakapiga magoti yao makofi, maana hakuna chombo cha moto kilichowahi kupanda mlima wetu.

Pasta Isaya alifika Ijumaa alasiri. Alikuwa mtu mzito, goti moja bovu, asingeweza kuupanda mlima ule kwa miguu hata kama baba angekubali. Akataka kuujaribu mlima kabla Sabato haijaingia, akaanza kupanda kutoka kanisani, pale bondeni. Pikipiki ikakohoa, ikasimama, ikarudi kinyumenyume naye akiwa juu yake, anapungia watu mkono kana kwamba ndivyo alivyopanga. Akajaribu tena, ikarudi tena. Wakati ule mkono wa gia ulikuwa kando ya tangi la mafuta, na wa pasta ulikuwa unacheza mbele na nyuma bila kushika kitu. Gia ilikuwa imekwama juu kabisa, ile ya kukimbilia tambarare. Alipofungua mkoba wa spana, jua likazama. Kwa Msabato hapo kazi imekwisha. Akaufunga mkoba.

Kesho yake, ibada ilipokwisha, wazee waliizunguka pikipiki, kwani kuangalia si kazi. Waliikagua kama ng'ombe mgonjwa. Mmoja akaweka sikio kwenye tangi akasema tumbo limejaa upepo. Mwingine alitaka ipigwe mshale shingoni itolewe damu kidogo. Wa tatu alileta ugoro, akatafuta pua, akakosa la kufanya nao, akaunusa mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshinda siku nyingi Keroka nikitazama madereva wa lori wakilala chini ya lori zao, kwa hiyo niliwaambia wazi kwamba ugonjwa uko chini, si juu. Nilifukuzwa.

Mama alikuwa amesimama kando, mikono kifuani. Akamgeukia Mzee Nyabuto, mzee wa kanisa, mtu ambaye siku ya Sabato hakukubali hata kuni zivunjwe.

"Omogaka, mzee wetu, ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, Biblia inasemaje?"

"Anatolewa. Lakini hii si ng'ombe."

"Inakunywa. Inanguruma. Ikikasirika inapiga mateke, muulize pasta na goti lake. Ukiiacha nje usiku inaibwa. Sasa niambie wewe, kama si ng'ombe ni nini?"

Mzee Nyabuto alisema hata kama ni ng'ombe, haimo shimoni. Sasa, kando ya kanisa palikuwa na shimo tulilochimba udongo wa kukandika kuta. Mama alikuwa mwanamke mwenye nyonga. Sisemi aliisukuma. Nasema alipita karibu nayo, na alipomaliza kupita, pikipiki ilikuwa shimoni, magurudumu juu.

Pasta Isaya alitazama mawingu. Mzee Nyabuto alikwenda ukingoni, akainama mpaka tukadhani anaomba. Kisha akasema, "Imetumbukia. Leteni kamba."

Ikavutwa kwa kamba za migomba. Ilipokuwa bado kichwa chini ndipo mimi niliona: chuma kirefu kinachotoka kwenye mkono wa gia kwenda kwenye sanduku la gia kilikuwa kinaning'inia. Nikamwonyesha mama: pini yake ilidondoka njiani. Gia zenyewe zilikuwa nzima. Mama akauliza kama ng'ombe aliyetolewa shimoni na mguu umevunjika anafungwa mguu. Mzee Nyabuto akasema, kwa uchovu, anafungwa.

Nikaomba gurudumu la nyuma linyanyuliwe. Gia za zamani hazikubali kubadilishwa kama gurudumu limelala, kwa hiyo nilimwambia ndugu yangu alizungushe polepole huku mimi nasukuma kile kimkono cha kwenye sanduku. Klak, gia ikashuka. Klak, ikashuka tena, ikafika ya kwanza. Pini haikuwepo, na msumari wa benchi tuliojaribu ulipinda. Nikaamua: gia nyingi za nini? Nikakifunga kimkono pale pale kwa ukanda wa ngozi. Fundi asiyejua hutengeneza kila kitu. Fundi anayejua huuliza safari ni ya wapi.

Pasta akabana klachi, akapiga teke, ikawaka. Ikapanda ikilia kama watu mia wanaokoroma, na mwendo wake ulikuwa wa bibi harusi. Waumini walitangulia mbele wakiimba, wakawa wanasimama kuingoja. Tulipofika katikati ya mlima tukageuka, tukaona ng'ombe wa baba wanatoka mtoni. Tena wanatembea haraka kuliko pikipiki.

Mama alishuka kidogo, akavua leso yake, akaitandaza akasimama katikati ya njia. Fahali akaja mpaka usoni pake. Akasikia ule mngurumo juu, akadhani kuna fahali mwingine mkubwa anamngojea, akaanza kuparura udongo. Wengine wote wakasimama nyuma yake. Pasta akafika mlangoni, akashuka akiwa mweusi kwa moshi.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda. Pombe ilikuwa mbele yake, haijaguswa.

"Nimekusikia tangu kanisani," alimwambia. "Mtu akinitafuta kwa kelele yote hiyo, nitajificha wapi?"

Akabatizwa mtoni alasiri ile ile. Binti wa Magwagwa aliolewa kwingine, na nasikia alinenepa.

Siku hizi pikipiki zinaupanda mlima ule zikiwa na watu watatu na gunia la majani chai, gia zinaingia kimya kama kisu kwenye ndizi mbivu. Vijana wangu wanasema huo ndio ufundi, na mimi ndiye ninayewalipa, basi nanyamaza. Baba na mama wamelala nyuma ya nyumba, makaburi mawili, hakuna la tatu. Nikikaa pale nikasikia pikipiki inapita bila taabu, imetokea na imepotea, huwa namfikiria baba kwenye kigoda chake, akisikiliza kelele ile inapanda polepole, naye ana muda wa mlima mzima wa kuamua.