Msumari Ambao Mtaalamu Hakuumeza

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni fundi sofa, na pale karakana kila mtu humwita Mtaalamu. Jina hilo hakulipata kwa sababu ya sofa. Sofa anatengeneza vizuri, sitamnyima haki yake. Alilipata kwa sababu hakuna jambo asilolijua: injini za magari, ndoa za watu, mvua itanyesha lini, na zaidi ya yote, magonjwa. Madaktari wanasoma miaka mingi. Shemeji yangu alizaliwa keshamaliza.

Mimi ndiye ninayemshonea vitambaa. Cherehani yangu iko dirishani, yeye na fremu zake katikati, sponji zimepangwa ukutani mpaka darini. Akianza kazi hujaza misumari midogo mdomoni, anaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja mpaka kwenye nyundo yake yenye sumaku, na huku anaongea. Watu wengine wakiwa na misumari mdomoni hunyamaza. Lakini si kila mtu amejaliwa.

Mwaka mmoja wahudumu wa afya walipita shuleni kuwachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Binti yake akachanjwa, hakuna aliyebisha. Baadaye akaja mteja, nesi mmoja, kuchukua viti vyake. Katika mazungumzo akasema kirusi chenyewe, HPV, hakichagui. Wanaume nao wanakipata, tena wengi, na kinaweza kuwaletea saratani ya koo na ya sehemu za siri. Akamgeukia Mtaalamu: "Hata yule mdogo wako uliyesema anataka kuoa, ingefaa achanjwe."

Mtaalamu alicheka hadi misumari ikamwagika sakafuni.

"Dada, mlango wa kizazi mimi na mdogo wangu tunao wapi? Nionyeshe, niutie kufuli!"

Karakana nzima ikavunjika mbavu. Nesi akabeba viti vyake akaenda zake. Kwa hekima kama hiyo, angejibu nini?

Mwaka uliofuata Mtaalamu akaota uvimbe shingoni, chini ya taya. Haukuwa unauma. Akaupapasa, akatazama juu kidogo, akatoa majibu papo hapo: alimeza msumari, umekwama, nyama imeuzunguka. Mimi nikasema labda aende hospitali. Akaniuliza nimeanza lini kusomea udaktari.

Matibabu yalikuwa ya hali ya juu. Alisukutua maji ya chumvi. Alimeza matonge ya ndizi bila kutafuna, ili yausukume msumari. Hatimaye akafungua spika mbovu, akatoa sumaku yake, akaifunga shingoni kwa skafu ya dada yangu, akashinda nayo juani na kivulini. Wateja wakiuliza, anawaeleza kwamba msumari unavutwa taratibu kuja nje. Wengine waliamini. Ndiyo faida ya kuitwa Mtaalamu.

Msumari haukuja nje. Kilichokuja ni maumivu ya sikio, kisha kumeza kukawa kazi. Dada yangu alivumilia mpaka siku alipomwona anayatema maziwa kwenye kikombe.

"Baba watoto, kesho hospitali. Ukikataa, nabeba watoto narudi kwetu, ubaki na sumaku yako."

Tulikwenda wote watatu. Mtaalamu mwenyewe ndiye aliyeagiza apigwe eksirei, na picha ilipotoka haina msumari, akamwambia mpiga picha kwamba mashine imechoka. Daktari, mwanamke mdogo kwa umri, akamwambia tu, "Fungua mdomo, baba," akamulika kooni. Akachukua kipande cha nyama kikapimwe.

Majibu yalikuwa saratani ya tezi za kooni, iliyoletwa na HPV.

"Si ugonjwa wa wanawake huo?" akauliza Mtaalamu. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

Daktari akamweleza polepole. Watu wengi wanaofanya mapenzi hukipata kirusi hicho wakati fulani, hata kwa njia ya mdomo. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache hubaki kimya miaka mingi, ndipo kinazua mambo. Nani alimwambukiza, hakuna kipimo cha kusema; huenda ni tangu kabla hajaoa. Dada naye akashauriwa apimwe mlango wa kizazi. Alipimwa, akakutwa salama.

Katika maelezo yote hayo, shemeji yangu alisikia neno moja tu: kuambukizwa. Tulipofika nyumbani akamkalisha dada yangu.

"Sasa niambie ukweli."

Dada alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja.

"Ukweli upi? Ulipokuja kwetu kuposa ulijisifu mbele ya kaka zangu kwamba hakuna mtaa usiokujua. Leo mtaa mmoja umekukumbuka, unakuja kuniuliza mimi?"

Mimi nilikuwa mlangoni na nilitamani kupiga makofi, ila heshima ya shemeji ikanizuia.

Matibabu ya kweli hayakuwa na mchezo. Walimtengenezea barakoa ya plastiki kwa umbo la uso wake, wakawa wanamkaza nayo mezani asitikisike, wanampiga mionzi, na wiki nyingine wanamtundikia dripu za dawa. Mate yakakauka, ladha ikapotea, sauti ikakatika kabisa. Nilidhani nitaufurahia ukimya ule pale karakana. Niliufurahia siku moja. Siku ya pili nikaleta redio, na nilipoiwasha nikajikuta nalia juu ya kitambaa cha mteja.

Alipona. Daktari alisema saratani ya aina yake husikia dawa, ingawa lazima aendelee kuchunguzwa. Sauti ikarudi nusu, inakwaruza kama bawaba yenye kutu, na mara iliporudi akaitumia kumwamuru daktari: "Basi nichomeni na hiyo chanjo."

"Chanjo inazuia, baba, haiponyi kilichokwisha kuingia. Huyo mdogo wako uliyenitajia, achanjwe kabla hajaoa."

Huyo mdogo wake ni dereva wa lori, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye ndevu za kutosha watu wawili. Chanjo ya bure ilikuwa ya wasichana wa shule, kwa hiyo wakaenda hospitali binafsi. Dada wa mapokezi akatazama nyuma yao.

"Binti mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye huyu," akasema Mtaalamu, akimwonyesha mwenye ndevu.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kijana akageuka aondoke, kaka yake akamshika mkanda wa suruali.

"Kaka, watu wananicheka!"

"Waache wacheke. Mimi nilicheka kuliko wao."

Akachomwa, na kwa dozi zilizofuata Mtaalamu alimsindikiza kama askari na mahabusu. Sasa anawahutubia wateja kuhusu HPV kana kwamba yeye ndiye aliyeigundua, na mafundi waliovunjika mbavu siku ile humvuta pembeni mmoja mmoja kumuuliza hospitali iko wapi.

Dada yangu hakuombwa radhi. Mtaalamu haombi radhi. Ila Jumapili moja alilitoa nje sofa la sebuleni kwao, lililokuwa limetoboka springi tangu binti yao anatambaa, akalivua lote, akalitia sponji mpya na kitambaa ambacho mimi mwenyewe nilimsikia akimnyima mteja tajiri. Dada akakaa, akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia.

"Upande huu unabonyea," akasema.

Haukuwa unabonyea. Mtaalamu alijua, na mimi nilijua. Akainama, akaanza kuufumua upya.