Mwonjaji wa Mbege Mbele ya Hakimu

Shule niliishia darasa la nne, lakini mpaka naujua. Nilikulia karibu na Holili, mpakani na Kenya, na mpaka wa kwetu unauona kwa macho: gogo limelazwa barabarani, askari wamesimama juani, na kina mama wa magendo wamejifunga sukari tumboni wakatembea kama wajawazito. Ukivuka unajua umevuka, maana umepekuliwa mpaka kwenye kilemba. Kwa hiyo siku tulipoambiwa kwamba mpaka ndio uliomponza mjukuu wangu, aliyekamatwa Uskoti kwa kuendesha gari akiwa na pombe mwilini, swali langu la kwanza halikuwa la aibu. Aibu ilikuja baadaye, wala haikukaa sana. Mimi nilichotaka kujua ni hiki: gogo liko wapi?

Mjukuu huyu nimemlea mimi, hapahapa Tottenham. Sasa ni mtu mzima, kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao. Asubuhi anamwogesha huyu, anakimbilia kwa yule kumpa dawa, na wote wanakaa mbalimbali, kwa hiyo pasipo gari kazi inakufa. Nasema bila haya: hakuna mikono kama yake London hii. Kuna mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akiwatimua walezi kwa fimbo. Mjukuu wangu alipoingia, mzee alinyoosha mguu mwenyewe akatwe kucha. Leseni kwa binti kama huyo ndiyo ugali.

Sasa harusi. Mjukuu wa kaka yangu alikuwa anaoa Glasgow, na harusi ya Wachaga bila mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ni mkutano wa kawaida tu. Nikapika. Ndizi nilizipata sokoni, zile zilizoiva mpaka zikawa nyeusi, na muuzaji alifurahi kama nimemzolea taka. Ulezi niliuotesha kwenye beseni la kuogea, mjukuu akawa anakwenda kuoga kwa rafiki yake huku amenuna. Msesewe, lile gome chungu linaloipa mbege ukali wake, nililetewa kutoka Moshi ndani ya soksi. Nyumba ikanuka kihamba, shamba letu la migomba. Jirani wa juu akagonga kuuliza kama bomba la maji machafu limepasuka. Nikampa kikombe. Aliporudi hakuja kulalamika, alikuja na kikombe kitupu.

Kwetu aliyeleta pombe ndiye anayeonja kwanza, na haonji kwa uroho. Anaonja ili wazee waone kwamba hakutia kitu ndani. Kama kuna kufa, afe yeye kwanza. Kila kata ya kibuyu inayotolewa, yeye anatangulia, kisha inakwenda kwa wazee. Mimi daktari amenikataza kwa sababu ya vidonge vya presha. Basi kazi ikamwangukia mjukuu, maana yeye ndiye aliyelibeba dumu kwenye gari lake.

"Bibi, kesho naendesha," akaninong'oneza ukumbini, kwa Kiingereza kama kawaida yake. Kiswahili anakisikia chote, ila ulimi wake ulizaliwa hapa.

"Si unaonja tu, wewe? Nani kakwambia unywe?" nikamjibu. "Tena mbege ni chakula. Mimi niliachishwa ziwa kwa mbege, na mbona sijafa?"

Meza za wazee zilikuwa nyingi, kila meza na kata yake ya kuonjwa, na wazee wa Glasgow walikuwa na kiu ya miaka. Mbege nayo, baada ya kutikiswa njia nzima ndani ya buti lenye joto, ilikuwa imekomaa kuliko nilivyokusudia. Mzee mmoja alisema imemfikisha nyumbani bila nauli. Nikavimba kichwa.

Tukalala, tukaamka, tukanywa chai, tukashika njia ya kurudi London. Mpakani bado hatujafika, polisi wakatusimamisha kwa sababu taa moja ya nyuma haikuwaka. Askari aliyekuja dirishani alikuwa na mashavu mekundu na adabu nyingi. Akainamisha kichwa ndani, akanusa. Dumu tupu lilikuwa kwenye kiti cha nyuma, halina kifuniko. Akachomoa kidude chenye mrija, akamwambia mjukuu apulize.

Nikajisogeza nione vizuri. "Kinaionaje pombe, na pumzi haina rangi?"

"Bibi, nyamaza."

"Mwambie na mimi nipulize."

"Bibi!"

Askari akauliza mama anasemaje. Mjukuu akamtafsiria, na yule kijana akacheka, kicheko kizuri tu cha mtoto aliyelelewa na bibi. Kisha akakitazama kidude chake, na kicheko kikaisha.

Kituoni alipuliza tena kwenye mashine kubwa, ikasema yaleyale. Akapewa siku ya kufika mahakamani, na mpwa wangu wa Glasgow akaja kutuchukua. Tuliporudi London, wakili wa kulekule Uskoti akampigia simu. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi, nikasikia mjukuu anavuta kiti akae, nikaacha kisu. Alikuwa ameambiwa kwamba kipimo cha Uskoti ni kidogo kuliko cha Uingereza. Pombe aliyokutwa nayo, kama angesimamishwa upande wa pili wa mpaka, angetakiwa safari njema.

"Hebu rudia," nikamwambia. "Mfalme si ni huyohuyo mmoja?"

"Ndiyo."

"Na leseni ni hiyohiyo. Na pumzi ni hiyohiyo. Sasa pombe iliyo tumboni inajuaje imefika wapi?"

Mjukuu alikuwa anawaza wazee wake. Mimi nilikuwa nawaza mpaka, Mungu anisamehe, na hata viazi niliviunguza.

Siku ya kwenda mahakamani tulipanda basi, kwa sababu gari alikuwa haligusi tena. Nilikaa dirishani na macho yangu yote. Nilitaka kuuona huo mpaka unaogeuza mbege kuwa kosa. Kikapita kibao chenye bendera ya Uskoti, ya bluu na msalaba mweupe. Huku majani na kondoo, kule majani na kondoo. Kondoo mmoja alikuwa amelala usawa wa kibao, anacheua, na mimi siwezi kukuambia kichwa chake kilikuwa nchi gani.

"Umeuona?" mjukuu akaniuliza.

"Nimeona kibao. Mpaka sijauona."

Akacheka. Tangu wiki ile ya harusi nilikuwa sijalisikia cheko lake.

Wakili alikuwa mama wa makamo, amevaa suti juu na raba chini. Alituketisha kwenye benchi la korido, akasema ana swali moja na anataka jibu la kweli. Binti alijua kwamba kile ni kileo? Kwa sababu kama aliambiwa ni kinywaji cha kawaida, na aliyempa anaweza kuapa hivyo, hakimu anaweza kumwachia leseni yake. Kama alijua, inakwenda mwaka mzima, hata kama hakimu angempenda vipi.

Mjukuu alinitafsiria huku anaangalia sakafu.

Nikapima. Nilisema mbege ni chakula, au sikusema? Nilisema, palepale ukumbini. Hata huo haukuwa uongo wa kutunga, ni mdomo wangu mwenyewe. Mbege yangu ina jina tangu Moshi, watu wanaiulizia kanisani, lakini kwa ajili ya binti huyu ningeiita hata maji ya kuoshea vyombo.

"Mwambie nitaapa," nikasema. "Nilimwambia ni chakula. Mwambie ni uji wa ndizi."

Mjukuu akaendelea kuitazama sakafu. Wakili akatutazama, huyu na huyu.

"Tafsiri, mama," nikamhimiza mjukuu.

"Hapana, Bibi." Kisha akazungumza Kiswahili, kile chake cha kuokoteza, ambacho hukitoa akiwa amebanwa. "Mimi nilionja. Wewe ulinifundisha, mtu wa kuonja ni shahidi. Nikisema sikujua kitu gani iko ndani, basi wale wazee wote mimi niliwadanganya."

"Na kazi yako?"

"Sijui."

Nikashika mkoba wangu, nikainuka, tukaingia kwa hakimu.

Ndani akakiri kosa kwa sauti ya kusikika. Wakili akaeleza habari ya kata na wazee. Hakimu, mzee mwembamba mwenye joho, akavua miwani. Nikamjua palepale, huyu naye ni mwenzangu, anapenda kujua. Akauliza kama mwonjaji anameza au anatema.

"Anameza," mjukuu akasema. "Kutema ni tusi kwa aliyepika."

Hakimu akatikisa kichwa polepole, akavaa miwani, akachukua leseni kwa mwaka mzima. Sikumchukia. Aliuliza vizuri.

Kazini hawakumfukuza. Walimpunguzia wazee, wakamwachia wale wa njia ya basi moja, na mkate nao ukapungua mezani, sitaficha. Mzee wa fimbo yuko mbali, alipewa mlezi mwingine, akamtimua. Basi mjukuu siku yake ya mapumziko anapanda mabasi mawili kwenda kumkata kucha. Nikimwambia apumzike ananiambia, "Bibi, nyamaza," kama mbele ya askari.

Majuzi kulikuwa na ubatizo, ukumbi wa kanisa, hapa Tottenham. Nikapika tena. Watu waliponiona na dumu walipiga vigelegele, na mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Nani anaonja?"

Macho yote kwa mjukuu wangu. Habari za Uskoti zilikuwa zimefika zamani. Wachaga hatuna siri. Nikainuka niwaambie wamwache mtoto wa watu.

"Kaa, Bibi," akasema. "Mimi leo nimekuja na basi."

Ukumbi ukacheka. Akapokea kata kwa mikono miwili, akameza, akafuta povu mdomoni. Yule mzee akanyoosha mkono aipokee. Mjukuu hakuiachia.

"Hii ni pombe," akasema, kwa Kiswahili, wote wakasikia. "Nani amekuja na gari?"

Mzee akashika mfuko wa koti, na funguo zikamsaliti, zikalia.

"Babu, wewe soda," mjukuu akamwambia, na kata ikampita.