Nilivyochagua meza na vaisi ya kunishikia vitako vya bunduki baada ya mkono wa kushoto kugoma

Habari za humu wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nimekuwa msomaji tu wa jukwaa hili kwa muda mrefu. Leo naleta cha kwangu, na nakileta kama kilivyotokea. Naandika kwa mkono mmoja, kwa hiyo mkikuta herufi zimerukana mnivumilie.

Mimi ni fundi wa bunduki. Nilifanya kazi ghala la silaha la askari wa wanyamapori mpaka nikastaafu, nikarudi nyumbani Kisondela, huku Rungwe.

Kabla maswali hayajaanza: kibali cha ufundi ninacho, polisi wananijua, na nyumbani nafanya kazi ya mbao tu, yaani vitako. Mtutu wa mtu haulali kwangu. Mwenye silaha anaiacha kituoni, mimi ananiletea kitako. Nasema mapema maana humu kuna watu wanasoma kichwa cha habari halafu wanaruka kwenye komenti.

Haya.

Sikukaa sana nyumbani nikapigwa na kiharusi. Mguu ulirudi. Mdomo nao ulirudi, mke wangu anasema ulirudi na nyongeza. Mkono wa kushoto ndio uliobaki nyuma. Unasukuma, unaegemea, lakini haukamati. Ukiniwekea yai kiganjani linaenda chini.

Mtu asiye fundi anaweza kusema, si wa kulia upo? Wakuu, mkono wa kulia ndio unaokata, lakini wa kushoto ndio unaoshika kinachokatwa. Ukikosa wa kushika, randa na tupa ni mapambo.

Nikajiambia nitafute vaisi inishikie. Vaisi ndiyo jiriwa kwa Kiswahili cha chuoni, kile chuma cha taya mbili kinachobana kazi mezani.

Nikaenda Tukuyu, nikarudi na vaisi mpya inang'aa rangi ya bluu. Nyepesi, unaibeba kama chupa ya chai. Nikaifunga kwenye meza ya paina tuliyokuwa tunalia chakula zamani.

Nikabana kipande cha mbao cha kujaribia, nikavuta randa.

Meza ikanifuata.

Nikaisukumia ukutani, nikavuta tena. Safari hii meza ilitulia, ila taya zikalegea, mbao ikageuka na randa ikala kona. Nikakaza zaidi. Zile taya zina meno, zikaing'ata mbao ikabaki na alama kama imetafunwa na mbwa. Kingekuwa kitako cha mtu ningemwambia nini?

Niliweka randa chini nikatoka nje. Nikamwambia mke wangu, Mama Tumaini, atafute mtu wa kuchukua vifaa vyangu vyote. Sikuwa natania. Nilishakaa ndani vya kutosha nikilishwa na kuoshwa, na ile randa ndiyo ilikuwa tumaini langu la mwisho la kuitwa mtu wa kazi.

Mama Tumaini ni fundi cherehani. Alichukua futi yake ya kupimia nguo akasema, "Simama."

"Unanishonea suti ya kuzikiwa?"

"Simama, Baba Tumaini. Egemea hapa."

Akaniegemesha kwenye kabati, kwenye dirisha, kwenye meza yake ya kukatia vitambaa. Kila mahali anaangalia ule mkono mbovu unafanya nini. Mwisho akasema, "Wewe umechagua meza ya yule fundi wa ghalani. Huyo hayupo. Chagua ya huyu niliyenaye mimi."

Niliumia kidogo, lazima niseme. Lakini alikuwa ameona kitu. Mkono wangu haushiki, sawa, ila unaweza kulalia. Meza ikija usawa wa kiwiko, mkono mzima wa mbele unalala juu ya kazi na uzito wa mwili unakandamiza. Meza ya ghalani, kama hii ya chakula, ilikuwa chini, usawa wa nyonga, maana kule nilikuwa nasukuma kwa mikono miwili.

Kwa hiyo meza ikajengwa upya, ya kufika kiwikoni. Miguu ya mkaratusi mnene, juu mbao nzito, nyuma imefungwa ukutani kwa bolti, na chini tukaweka rafu tukaijaza mawe. Mawe kwetu si shida, anayepajua Rungwe anaelewa. Sasa hivi ukiipiga teke unaumia wewe.

Ikabaki vaisi. Tukarudi Tukuyu wote wawili, kwa fundi mmoja wa gereji anaitwa Ambakisye. Alikuwa na vaisi kuukuu pembeni, chuma kizito cha kumiminwa, kimejaa grisi na vumbi. Haina uzuri wowote.

Nikaifunga taratibu nikachungulia kwenye mwanga. Taya zinakutana sawasawa, juu mpaka chini. Nikaitikisa taya inayotembea, haichezi. Skrubu yake inazunguka laini bila kuruka. Na sehemu yake ya chini inazunguka, kwa hiyo nageuza kazi bila kujigeuza mimi.

Nikaomba kipande cha mbao. Ambakisye akaja kunishikia.

"Acha," Mama Tumaini akamwambia. "Nyumbani hutakuwepo."

Hapo ndipo nikaona tatizo ambalo sikuwahi kulifikiria maisha yangu yote. Nikizungusha mpini kwa mkono wa kulia, nani anashika mbao kabla taya hazijabana? Ilidondoka. Nikaiokota, ikadondoka tena.

Ambakisye akajikuna kichwa, akaokota kipande cha bati nene. "Mzee, nikikuchomelea kakitanda hapa chini ya taya? Mbao inalala yenyewe, wewe unakaza tu."

Akachomelea hapo hapo. Nikalaza mbao, nikakaza, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Haikusogea hata unywele.

Bodaboda aliyeibeba mpaka Kisondela alilalamika njia nzima kwamba pikipiki inanyanyuka mbele.

Nyumbani nikavalisha taya ngozi ya mkanda wangu wa kazi wa zamani, zisiume mbao. Nikafanya mazoezi kwenye vipande vya mparachichi mpaka mwili ukazoea.

Kazi ya kwanza ililetwa na Mzee Asegelile wa Kinyala. Kitako chake kilikuwa kimepasuka shingoni, pale mkono unapokamata, na nguruwe pori walikuwa wanamaliza magimbi yake. Alikitoa kwenye khanga, ila hakunipa.

"Nasikia mkono umekataa."

"Umekataa mmoja."

"Na kitako hiki ni cha baba yangu."

"Kaa hapo uangalie. Usiporidhika, utaondoka nacho."

Akakaa. Nikakilaza kwenye kale kakitanda ka vaisi, nikakaza, nikaulalisha mkono wangu juu. Nikasafisha ufa taratibu, nikatia gundi, nikachomeka vijiti vya mbao ngumu ndani. Alipoondoka alikiacha kitako kwangu.

Gundi ilipokauka nikapiga msasa, nikapaka mafuta, nikarudia. Alipokuja kukichukua alipitisha kidole gumba pale shingoni, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga, akautafuta ufa. Hakuupata.

"Ndaga fijo," akasema. Kwetu ndiyo asante sana. Akanipa mkono, na aliushika ule wa kushoto.

Wiki iliyofuata nilikuwa ndani napiga msasa. Mtu akabisha hodi uani. Tangu niugue, wageni wote wa nyumba hii wana swali moja.

"Mama Tumaini, mgonjwa anaendeleaje?"

Nikasikia cherehani ikisimama.

"Mgonjwa gani? Fundi yuko kazini. Kama una kitako, kaa usubiri."

Wakuu, niliendelea kupiga msasa, lakini sikuwa naona vizuri.

Nilichojifunza: kabla hujanunua kifaa, jipime mwili wako wa leo. Uzito kwanza, kung'aa baadaye. Na jaribu kila kitu peke yako pale pale dukani, kwa sababu muuzaji ana mikono miwili na haji kwako.

Kama humu kuna mwenzangu anayefanya ufundi kwa mkono mmoja, fundi viatu, seremala, yeyote, aniambie anakazaje skrubu ndogo. Hapo bado napigwa chenga. Wa kubisha kuhusu urefu wa meza nao waje, nipo, leo kazi nimemaliza mapema.