Hajulikani Hapa

Watu wakisikia niliingia chuo kikuu mwaka mmoja nyuma ya wenzangu, huniuliza kwa upole kama nilifeli. Sikufeli. Nilifaulu, na nafasi nilipewa, ikaja kupotea mikononi mwa mzee mmoja aliyenijua tangu sijaota meno. Hasira niliyokuwa nayo siku ile bado ninayo, na sioni haya kusema.

Tulikuwa tunakaa Sekei, Arusha. Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha serikali, na barua zetu zote zilipitia sanduku la posta la kiwanda. Halafu yakaja mambo ya soko huria. Kiwanda kikauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, baba akarudi nyumbani na boksi la spana zake, akafungua kibanda cha vipuri Kimandolu. Sanduku la posta nalo lilikwenda na kiwanda, na hakuna aliyelifikiria mpaka siku nilipojaza fomu za kuomba chuo. Penye anwani nikaandika sanduku la usharika wetu wa Kilutheri, kule Levolosi, kama walivyofanya washarika wengi wasio na sanduku lao.

Majina ya waliochaguliwa yalikuwa yanabandikwa ubaoni huko huko chuoni, Dar es Salaam. Sisi wa huku tulisubiri barua. Ukishaipata una wiki chache tu za kujibu kwamba unakuja, na usipojibu nafasi anapewa mwingine. Baba alishaniambia wazi kwamba nikikosa nitasimama kibandani niuze fani belti na plagi. Hakuwa mtu mbaya, ila alishatupwa nje na kazi aliyoiamini, na hakuamini tena kitu chochote kinachosubiriwa kwa barua. Mimi nilitaka kusoma sheria. Sikuwa na mpango mwingine wowote.

Karani wa usharika alikwenda posta Jumatatu na Alhamisi. Siku hizo hizo nami nilishuka Levolosi kwa miguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Fundi hajambo?"

"Hajambo. Kuna barua yangu?"

Analamba kidole, anapekua bahasha moja moja, anasoma kila jina kwa kutingisha midomo. "Hamna, mwanangu. Vuta subira."

Nilivuta subira wiki tisa. Nilikonda. Mama akaanza kuniwekea maziwa mgando pembeni akidhani nina minyoo. Kila jioni baba aliuliza swali lile lile, nami nilijibu lile lile, mpaka akaacha kuuliza. Alipoacha ndipo nilipoumia zaidi.

Sasa ngoja nieleze jambo la majina, maana ndilo lililoniponza. Kwetu mtu haitwi jina lake. Mama anaitwa kwa jina la kaka yangu mkubwa, na hata mchungaji humwita hivyo hivyo. Baba ni Fundi. Mimi nina jina la Kichaga alilonipa bibi nikiwa mchanga, jina la kudekeza, nalo likanifuata mpaka kwenye kwaya. Yale majina matatu ya kwenye vyeti, la ukoo likiwa la mwisho, yalikuwa ya shule na mitihani. Na mimi nikiri kosa langu: wiki tisa zote hizo sikumtajia karani jina langu hata mara moja. Ningeanzaje? Mzee aliyenifundisha Shule ya Jumapili, nisimame mbele ya meza yake nijitambulishe kama mgeni? Angesema nimeota mapembe.

Siku moja kibandani akaja msichana niliyesoma naye kidato cha sita. Alikuwa ametoka Dar kumwona mama yake mgonjwa. Akaniangalia nilivyoshika kitambaa cha grisi, akashangaa.

"Wewe mbona hujaripoti?"

"Kuripoti wapi?"

"Chuoni. Jina lako lilikuwa ubaoni, sheria. Sisi tunajua umekataa."

Kesho yake nilipanda basi la alfajiri. Sikumbuki chochote cha njiani.

Mama mmoja wa ofisi ya udahili alinisikiliza bila kuinua uso, akafungua faili, akanisogezea bahasha. Jina langu lote lilikuwa limepigwa taipu juu yake, bila kosa hata la herufi. Chini yake, kwa wino mwekundu, mtu ameandika: *Hajulikani hapa. Irudishwe.* Pembeni muhuri wa usharika wetu. Mwandiko niliujua. Ndio uliokuwa ukiandika namba za nyimbo ubaoni kila Jumapili ya maisha yangu.

"Muda wa kujibu ulishapita," alisema yule mama. "Nafasi amepewa mwingine. Uombe mwakani."

Nilimwomba. Nililia pale mbele za watu, mimi nisiyelia ovyo. Akanipa kiti, akaniachia na ile bahasha, na nafasi haikurudi.

Arusha sikupitia nyumbani. Nilitoka stendi moja kwa moja mpaka ofisi ya usharika, vumbi la safari likiwa bado kichwani, nikaweka bahasha juu ya meza ya karani. Shikamoo sikutoa.

Akaisoma polepole. "Hii niliirudisha. Tulikuwa hatumjui. Niliuliza hata wazee wa kanisa, wakasema labda ni mtu wa Moshi."

"Ni mimi."

"Wewe?" Akanitazama juu ya miwani. "Wewe si mtoto wa Fundi?"

Nyuma yake palikuwa na kabati la vioo, na ndani yake daftari la kipaimara. Nikalitoa mwenyewe bila ruhusa, nikafungua mwaka wangu, nikaweka kidole. Majina matatu, mstari mzima, kwa mwandiko wake yeye mwenyewe. Nikamwuliza aliandika jina la nani siku ile. Nikamwuliza kama hayo macho ni ya mapambo. Nilipiga kelele, sikatai. Akina mama waliokuwa wanasafisha kanisa walikuja mlangoni na fagio zao, na mimi sikunyamaza. Nilimwambia amenilia mwaka mzima wa maisha yangu kwa uvivu wa kugeuza shingo.

Yeye akawageukia wale akina mama, akasema, "Mtoto wa Fundi amekosa adabu."

Ndilo neno lililofika nyumbani kabla yangu. Si kwamba nimekosa chuo. Nimekosa adabu. Mama alikuwa amejifunga kanga kiunoni, analia, na alikuwa hanililii mimi. Baba aliishika ile bahasha muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ule wino mwekundu. Nikadhani sasa atasema kitu. Alisema, "Jumapili utakwenda kumwomba radhi."

Nilikataa siku tatu. Siku ya nne baba aliniambia, bila kupandisha sauti, kwamba hiyo mwakani ninayoisema, barua ya mchungaji ya kunidhamini itaandikwa katika ofisi ile ile. Akanishinda hapo.

Basi tukaenda, baba mbele, mimi nyuma. Karani alikuwa ofisini na wazee wa kanisa wawili, wamekaa kama baraza. Nikainamisha kichwa nikatoa shikamoo, nikasema naomba unisamehe, mzee, nilikupandishia sauti.

"Marahaba. Nimekusamehe, mwanangu. Ni ujana." Akavua miwani, akaifuta taratibu. "Ila mwakani ukiomba tena, waandikie lile jina tunalokujua nalo."

Baba akamshukuru.