Mkono Kwenye Picha

Mtu wetu wa maziwa hapa Al Rayyan, ughaibuni, haweki chupa chini. Zamani alibisha karibu kila mlango wa jengo hili. Siku hizi majirani wanabeba maziwa ya chupa za plastiki kutoka supamaketi, na chupa za kioo nimebaki nazo mimi tu. Anabisha kwa kiwiko, mkono mmoja shingoni mwa chupa, mwingine umeikinga kwa chini kama anayebeba mtoto mchanga. Ukichelewa anasubiri, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni. Kampuni imemwamuru aache maziwa sakafuni, apige picha, aende zake. Picha anapiga, ila kila picha ina mkono wake umeshika chupa.

Jana msimamizi alimpigia akiwa mlangoni kwangu, simu iko kwenye spika.

“Nataka chupa sakafuni! Huo mkono sitaki kuuona tena!”

“Kwetu maziwa hayawekwi mahali watu wanakanyaga, bosi.”

“Basi nitakufuta kazi!”

Msimamizi akakata simu. Mtu wa maziwa akainua chupa apige picha kama kawaida. Nikaishika na mimi.

“Piga, ndugu yangu,” nikamwambia. “Leo aone mikono miwili.”